Koti la Kwenda Ofisini

Mama yangu alitaka karatasi moja tu kutoka kwa serikali, na karatasi hiyo ikamletea mume. Nikisema hivyo wanangu hucheka, wakidhani natania. Siku hizi mtu akitaka kuandikisha biashara yake anaingia ofisini asubuhi, na kabla ya chakula cha mchana ameshatoka, na hakuna anayemuuliza ameolewa na nani. Nawaacha wacheke. Mimi nimekaa na jambo hili miaka mingi na bado likiguswa linauma.

Tulikaa Eldoret, mji ambao wazee wetu waliuita Sisibo, katika chumba kimoja cha mabati ng'ambo ya mto. Baba alikuwa mpasuaji mbao katika kiwanda cha Kaburu mmoja. Uhuru ulimkuta akiwa mzima, akaushangilia mpaka sauti ikamkauka, lakini hakuufaidi sana. Mvua za mwaka uliofuata, mnyororo ulikatika kwenye lori la magogo, na yeye alikuwa amesimama chini. Kaburu alitupa mbao za sanduku bure na akavua kofia kaburini. Hata majani hayajaota pale, naye akafunga virago vyake akaelekea kusini, akiwa ameuza kila kitu, kuanzia ng'ombe hadi vijiko.

Mama alikuwa ameajiriwa nyumbani kwa Kaburu huyohuyo tangu usichana wake, kama yaya, na mke wa Kaburu alimfundisha kushona. Siku ya kuagana, badala ya mshahara wa mwisho, Mama aliomba cherehani. Alipewa. Tuliisukuma hadi nyumbani kwa mkokoteni wa kuazima, mimi nikiishikilia upande mmoja, wadogo zangu wawili wakifuata nyuma kwa heshima zote za maziko. Sisemi hivyo kwa mzaha. Tulikuwa tumetoka kuzika, na hiyo ndiyo namna ya kutembea tuliyokuwa tumejifunza.

Alianza kushona kwenye veranda ya duka la Mhindi mmoja muuza vitambaa. Mteja aliingia ndani akachagua kitambaa chake, akatoka nacho hadi kwa Mama, akapimwa palepale watu wakipita. Alishona kaptula za khaki za watoto wa shule, marinda ya Krismasi, na suruali za madereva wa trekta, ambao walikuwa wakizipasua mahali pamoja tu. Utepe wa kupimia ulikuwa shingoni mwake tangu asubuhi hadi usiku. Siku moja alienda nao kanisani akaimba nao kwaya nzima, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Nilikuwa nikipitia pale nikitoka shule, nikakaa karibu na miguu yake na kuangalia kanyagio likipanda na kushuka. Mama hakuwa mtu wa kubembeleza. Kama ulikuwa na shida alikwambia uipeleke kwa Mungu na umletee mkasi. Lakini akiwa kwenye cherehani aliimba kidogokidogo, na kwangu hiyo ilitosha kuwa mapenzi.

Kisha Mhindi akamwambia kwamba anaondoka. Leseni za biashara sasa zilikuwa zikipewa raia kwanza, naye hakuwa na uraia, wala hakutaka kungoja kufukuzwa. Alikuwa amemwombea Mama kwa mwenye jengo kile chumba cha ubavuni, kilichokuwa stoo, chenye mlango wake wa kutokea barabarani. Mwenye jengo alikubali kumpangisha, mradi awe na leseni yake.

Sijawahi kumwona mama yangu akitamani kitu kama alivyotamani chumba kile. Alinipeleka kukiona kikiwa bado kina magunia. Akanionyesha kioo kitakaa wapi, na pazia la watu kujaribia nguo, na mahali pa benchi ili wazee wasisimame. Alitaka na kibao mlangoni chenye jina lake mwenyewe, lile alilobatizwa nalo. Mjini wote walimwita Mama Fulani, kwa jina langu, au mke wa marehemu. Akasema jina lake halijawahi kuandikwa mahali popote ila kwenye kitabu cha kanisa, na huko padri alilikosea.

Basi akavaa gauni lake la buluu tukaenda ofisi ya leseni. Karani alikuwa kijana wa magharibi, mtu wa kwetu, mwenye tai nyembamba na adabu. Akamsikiliza Mama mpaka mwisho, kisha akaomba kitambulisho.

"Wanawake hatupewi vitambulisho," Mama akasema.

"Najua, mama. Ndio maana watu hukuja na bwana."

"Bwana alikufa."

"Pole sana. Basi kaka yako, ama shemeji. Mwanaume yeyote wa boma."

"Lakini biashara ni yangu. Huyo shemeji hajui hata kutia uzi kwa sindano."

"Hata mimi sijui, mama, lakini niko na kitambulisho."

Foleni nzima ikacheka, na karani mwenyewe akaona haya. Mama hakucheka. Alirudi siku nyingine na kipande cha zamani cha baba, kile walichokuwa wakivalishwa shingoni wakati wa wakoloni, alichokiweka ndani ya Biblia. Karani akakipokea kwa mikono miwili, akakisoma, akamrudishia pole pole.

"Marehemu hafanyi biashara, mama," akasema. Safari hii hakuna aliyecheka.

Kaka yake Mama alikuwa amepotelea Uganda kwenye kazi za reli. Mama akamwendea mchungaji, naye akasema angependa kusaidia, ila watu wangeanza kuuliza mchungaji anatafuta nini kwenye leseni ya mjane. Akabaki baba mdogo, mdogo wake baba, aliyekuwa akikamua ng'ombe kwenye shamba la mzungu upande wa Turbo. Mama alikataa kumfuata kwa muda mrefu, na lazima nieleze sababu.

Kwetu, mume akifa, ukoo hukaa siku ya kunyolewa nywele, na mjane huletewa koti la marehemu. Halazimishwi. Anapewa koti mkononi, na ndugu za mume wamekaa pale, na yule atakayemvalisha ndiye atakayeingia nyumba ile kama bwana. Siku ya Mama, ndugu mmoja alikuwa mzee na mwingine mlevi, kwa hiyo macho yote yalikuwa kwa baba mdogo, ambaye alikuwa na mke mmoja tu na moyo mzuri. Mama alilipokea lile koti la kijivu, akalikunja, akaliweka magotini. Akasema yeye ameokoka, na mume wake yuko mbinguni, na hamvalishi mtu. Wazee wakaguna. Baba mdogo akatazama chini. Tulirudi mjini na koti sandukuni, na kwa wazee jambo lile halikuwa limekwisha, lilikuwa linangoja.

Mwenye jengo alipotuma neno kwamba ana mpangaji mwingine, Mama akapiga moyo konde. Akatuma salamu Turbo.

Baba mdogo alifika asubuhi ya baridi kali, ukungu bado umelala barabarani, akiwa ametembea sehemu kubwa ya njia. Alitukuta kwenye veranda. Hakuwa na budi kuja na nguo za kazi. Hakuwa na nyingine. Shati lilikuwa limechanika begani na suruali ilinuka maziwa yaliyolala. Alikuwa akitetemeka, na bado alitabasamu, akatuuliza habari za shule mmoja mmoja.

Namkumbuka Mama akimtazama. Niliyajua macho yale. Ni macho ya fundi. Hakumwona shemeji, hakuona ukoo wala siku ya kunyolewa. Aliona bega lililochanika, na ofisi yenye karani wa tai, na leseni itakayokataliwa kwa sababu ya matambara. Akanituma nyumbani nikalete koti la baba sandukuni. Nilikimbia kwenda na kurudi.

Akamvalisha kwa mikono yake. Lilimpwaya mabegani na mikono ilimfunika vidole, maana baba alikuwa mtu mrefu. Mama akasema hivyo haliendi ofisini. Akamsimamisha palepale kwenye veranda, pini zikiwa mdomoni, akaikunja mikono ya koti, akaibana, akamgeuza huku na huku, akapitisha uzi wa haraka, akamfunga vifungo mpaka juu. Baba mdogo alisimama kama mtoto anayevalishwa nguo ya sikukuu, machozi yakimlengalenga machoni. Mimi nilidhani ni baridi.

Watu wa kwetu walikuwa wakipita. Akina mama waliokuwa wakienda sokoni walisimama, wakatazama, wakatazamana. Mmoja alipiga kigelegele kifupi, kisha akaufunika mdomo. Mama hakusikia. Alikuwa akikata uzi kwa meno.

Ofisini mambo yalikwenda upesi. Karani aliona kitambulisho, akaona koti, akaandika. Leseni ilitoka kwa jina la baba mdogo, ya ushonaji wa nguo, ya mtu mmoja, na mtu huyo hakuwa Mama. Yeye hakujali. Alisema ni jina tu, kazi ni mikono. Kwenye ngazi za ofisi alicheka kwa sauti, kitu ambacho sikuwahi kukisikia tangu baba afe, akatununulia mandazi, akamshukuru baba mdogo mara nyingi mpaka akamchosha. Mvua ilikuwa inaanza, na njia ya Turbo ni ndefu. Akamwambia aende na koti, atalirudisha akipata nafasi.

Mpaka leo sijui baba mdogo alifikiria nini akitembea kurudi kwao. Nimemfanya mjanja katika mawazo yangu, nikamfanya mjinga, nikamfanya mtu mwema. Naamini aliamini. Mjane alimtumia salamu mwenyewe, akatoa koti mwenyewe, akamvalisha mbele za watu, akalipunguza limfae mwilini. Mwanamume gani wa kwetu angesoma hayo vinginevyo?

Wazee walikuja Jumamosi moja, Mama akiwa tayari ameingia kwenye kile chumba na kutundika leseni ukutani ndani ya fremu. Walikuja na baba mdogo, ameoga, amevaa koti. Wakakaa kwenye lile benchi la wateja. Mkubwa wao akasema wamefurahi, mjane amepumzisha ukoo, ilichukua muda lakini mambo mazuri hayaharakishwi.

Mama akauliza mambo gani.

"Koti ulitoa kwa mkono wako," mzee akasema.

"Nilimpa aende ofisini, Mzee. Nguo yake ilikuwa imeraruka."

"Ulimvalisha."

"Alikuwa anasikia baridi."

"Ukampimia hata mikono, mama. Tumeambiwa na waliokuona. Mtu akimwazima mwenzake koti, hukata mikono ya hilo koti?"

Ndipo nilipoona limemwingia Mama. Akashika meza ya cherehani. Yeye aliyekataa mbele ya ukoo mzima, kwa mdomo, kwa jina la Mungu, alikuwa amekubali kwa mikono, tena bila kujua. Akamgeukia baba mdogo na kumwomba alivue koti, akisema kwamba baba mdogo mwenyewe anajua moyoni lilikuwa la ofisi tu.

Baba mdogo alikuwa na huzuni, hilo siwezi kumnyima. "Shemeji, nikivua sasa ni kama umenifukuza mbele ya watu," akasema. "Na hiyo karatasi kwa ukuta iko na jina yangu. Nikitoka hapa nimefukuzwa, nitaiwachaje?"

Hakusema kwa kutisha. Alisema jambo lilivyo. Mama akimkataa, yeye angeondoka na leseni yake, na chumba, na benchi, na kioo ambacho kilikuwa hakijamaliza hata mwezi ukutani. Mama angerudi kwenye veranda, na veranda nayo ilikuwa sasa ya mtu mwingine asiyetaka mafundi. Akimkubali, duka lingebaki.

Wazee hawakumharakisha. Hatimaye Mama alisimama akaenda kuwapikia chai, na wazee wakaelewa, nami nikaelewa. Nilimfuata nyuma ya chumba, nikamkuta amepiga magoti mbele ya jiko akipuliza makaa, machozi yakimdondoka, na utepe wake shingoni unakaribia kuungua. Nikauondoa. Hakuniambia niupeleke uchungu wake kwa Mungu.

Hivyo ndivyo alivyoolewa mara ya pili, kwa ajili ya duka la kushona. Kanisa lilimtoa kwenye kwaya, maana amekuwa mke wa pili. Baba mdogo alikuja mwisho wa mwezi, akalala siku chache, akarudi kwenye ng'ombe zake. Hakumpiga, hakulewa, alituletea maziwa. Nasema hivyo kwa sababu watu wakinisikia hutaka awe shetani, na mimi pia ningependa, ingenirahisishia. Kwa miaka ile michache Mama alishona kwenye chumba chake, na alijulikana. Kibao mlangoni kilikuwa na jina la baba mdogo, kama leseni ilivyotaka, lakini watu waliuliza tu kwa Mama Fundi. Nadhani alianza kuona kwamba bei aliyolipa ilikuwa ya haki. Siku nyingine aliimba tena.

Halafu ikaja homa ya mashamba. Makaburu waliobaki walikuwa wakiuza, na kila kabila lilikuwa na kampuni yake, watu wakichangishana kununua shamba moja kubwa ili wagawane. Hakuna aliyezungumza kitu kingine, kanisani, sokoni, matangani. Mtu asiye na hisa alikuwa hana mbele wala nyuma. Baba mdogo alikuwa amekamua ng'ombe wa wengine tangu utoto kwenye udongo wa wengine, na sasa udongo ulikuwa unauzwa.

Alikuja katikati ya wiki, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Alikaa kwenye benchi, akavua kofia.

"Nimepata nafasi kwa kampuni, upande wa Sugoi," akasema. "Wanafunga mwisho wa mwezi."

"Ni vizuri," Mama akasema, akiendelea kushona. "Utatoa wapi?"

Macho ya baba mdogo yakaenda ukutani, kwenye fremu. Mama akaacha kukanyaga.

Mnunuzi alikuwa tayari amepatikana, mtu wa kutoka Mkoa wa Kati aliyekuwa na duka la vyakula mtaa wa pili na alitaka kumfungulia kijana wake. Alitaka kila kitu pamoja: chumba, benchi, kioo, wateja, na cherehani. Mama alimwomba baba mdogo aache cherehani tu. Alisema ilikuwa mshahara wake, aliifanyia kazi kabla hajamjua. Mnunuzi akasema bila cherehani hakuna maana. Baba mdogo alimwambia Mama kwamba watanunua nyingine baada ya mavuno ya kwanza. Alimaanisha. Alikuwa mtu wa kumaanisha.

Nilimchukia siku ile, na nikamchukia Mama pia kwa kukunja vitambaa vya watu taratibu, kimoja kimoja, na kuvifunga na kuandika jina la kila mwenyewe. Nilitaka avunje kioo. Alikipangusa.

Tukahamia shambani. Mavuno ya kwanza yalinunua mbegu, ya pili yakanunua mabati, ya tatu yakanilipia karo. Siwezi kusema tulilala njaa. Mahindi ya shamba lile ndiyo yaliyonifanya mwalimu, na baba mdogo alifurahi kuliko mtu yeyote siku nilipofaulu. Kila jioni alitembea kwenye mpaka wake mikono nyuma, akigusa nguzo za ua. Mama alilima na mke mkubwa, wakapatana, wakazeeka pamoja. Vidole vyake vilipanuka, vikapasuka, vikawa vigumu. Nguo zetu zilipochanika alimpa mke mkubwa azishone kwa mkono, na huyo alishona vibaya mno. Mama alizivaa hivyohivyo.

Cherehani haikununuliwa. Mama hakuikumbusha hata mara moja, na siku moja nikagundua kwamba baba mdogo amesahau kabisa. Hakuwa amepuuza. Alisahau, kama mtu anavyosahau mvua ya mwaka mwingine.

Mwishoni mwa miaka ile ya sabini serikali ikatangaza kwamba wanawake nao watapewa vitambulisho. Nililia darasani, watoto wakaogopa. Nilikuwa na mshahara sasa. Nilitafuta chumba mtaa wa Langas, kule mjini, karibu na barabara, nikalipa pesa za kukishikilia, nikaongea na mtu aliyekuwa na cherehani ya miguu, nzima. Mimi mwenyewe nikaenda shambani kumchukua Mama. Garini nilimweleza yote: kwamba leo atapata kitambulisho, na wiki ijayo tutaenda ofisi ya leseni, na safari hii ataandikwa yeye, kwa jina lake. Alisikiliza akitazama nje. Nikadhani amezidiwa na furaha.

Foleni ilikuwa ya wanawake watupu, wengine wazee kuliko yeye, na kulikuwa na kicheko kingi. Tulifika mezani. Karani, kijana mdogo, akamwuliza jina, akalitaja, lile la ubatizo, na akaandikiwa sawasawa. Akamwuliza alikozaliwa. Akamwuliza kazi.

"Fundi wa nguo," nikajibu mimi, upesi.

Mama akaniwekea mkono begani, ule mkono mzito wa jembe.

"Usimdanganye mtoto wa watu," akaniambia. Kisha akamgeukia kijana. "Andika mkulima."

Kijana akanitazama, akamtazama yeye, akaandika. Kile chumba cha Langas nilikirudisha kesho yake.